Jani la Kicheche

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufunga milango kama sisi, aliishi Nyati mwenye pembe za kutisha. Kila asubuhi akina mama walimwachia ndama wao bomani, wakaenda malishoni bila wasiwasi. Hata Simba akimwona, huyoo, anageuza njia!

Fisi aliwamezea mate ndama wale, lakini alimwogopa Nyati. Akamtuma Kicheche, kanyama kadogo, mwepesi wa miguu na wa ulimi.

"Hodi, mjomba! Naona mgongo unakusumbua."

"Ah, we acha tu," Nyati akajibu. "Kusimama kutwa nzima si mchezo."

"Basi tafuna jani hili. Bure kabisa, mjomba!"

Nyati akatafuna, nya, nya, nya. Loo! Maumivu yakayeyuka, akajiona mwepesi kama unyoya. Kesho yake akamngoja Kicheche njiani. Keshokutwa akamfuata hadi kwake. Muda si muda, asipolipata jani alitetemeka mwili mzima, kamasi zikamchuruzika, na mifupa ikamuuma kuliko ulivyowahi kumuuma mgongo.

Siku moja Kicheche akaja mikono mitupu.

"Jani liko wapi?" Nyati akanguruma.

"Lipo nyuma ya kichuguu kile. Fungua mlango wa boma, kisha nenda ukalitafune hukohuko. Usitazame huku."

"Mlango? Wa nini?"

"Mimi sijui. Unalitaka jani, hulitaki?"

Nyati alijua. Aliwatazama ndama wakirukaruka, akiwemo Kija, mtoto wa dada yake. Moyo ukamwambia, mpige teke huyu! Mwili ukamwambia, fungua.

Akafungua.

Akiwa nyuma ya kichuguu alisikia vishindo, puu! puu! Kisha sauti nyembamba ikalia, "Mjombaaa!"

Naye akaendelea kutafuna.

Akina mama waliporudi, dada yake Nyamizi akaita, "Kija! Kija wee!" Nyati akajitokeza, machozi yakimtiririka.

"Ni mimi, dada. Nilimfungulia Fisi mlango kwa ajili ya jani."

Nyamizi alimtazama mpaka Nyati akainamisha kichwa.

"Pembe ni zilezile, kaka," akasema. "Mwenye pembe ndiye hayupo."

Wengine walitaka afukuzwe porini. Nyamizi akakataa. Alimfungia kibandani, akampelekea maji huku kaka yake akitetemeka, akilia, akimtukana, akimwomba ampatie japo kipande cha jani. Hakumpa. Alimpa maji, akaketi mlangoni akimlilia mwanawe.

Polepole Nyati akapona. Nguvu zikamrudia. Lakini hakuna mama aliyemwachia ndama tena, naye hakuthubutu kuomba.

Wanangu, kilevi hakivunji mlango. Humfanya mlinzi aufungue mwenyewe.