Mtamba Wamkagulia Zizi

"Mtamba wamkagulia zizi, mwana je?" Ndivyo alivyojibiwa yule mama wa leo, aliyekuja kumwomba Mama Nyemo binti yake akasaidie kazi za ndani huko mbali. Nanyi mkacheka, eti ng'ombe na mtoto wapi na wapi! Chekeni tu, meno ni yenu. Methali hii ilianza hivi.

Ugogo ilikosa mvua misimu miwili mfululizo. Uwele ulikauka kabla haujafika magotini, maghala yakabaki ya panya, na panya nao wakahama. Ndahani na mkewe Mwendi walikuwa na watoto wanne. Mkubwa wao, Chiloba, sauti yake ilikuwa bado ya kitoto. Shule ilikuwapo, lakini mtoto atasoma vipi huku tumbo linanguruma? Mali iliyowasalia ilikuwa mtamba mmoja mwekundu, hajazaa bado.

Sasa, desturi ya kule ni kwamba mtu akikosa malisho humpa rafiki wa mbali ng'ombe wake amfugie. Lakini hampi hivihivi. Huenda mwenyewe, akalala kwa huyo rafiki, akalitazama zizi, akauliza maji yako wapi na mchungaji ni nani. Ndahani alikwenda, akaona pengo katika ua wa miiba, akarudi na mtamba wake.

"Fisi angepita pale akiimba," alimwambia mkewe.

Wiki hiyohiyo akaja Sengo. Lau angekuwa mgeni wangemhoji, lakini alikuwa ameoa kwa kina Ndahani, nao wakimwita shemeji. Alishuka garini na gunia la unga, akalitua mlangoni kwa Mwendi.

"Nipeni Chiloba," alisema. "Kuna tajiri wa tumbaku huko magharibi. Atamlisha, atamsomesha. Kwani mtoto kulelewa kwingine ni jambo geni kwetu?"

Halikuwa geni. Ndahani mwenyewe alilelewa na mjomba wake. Jioni ile Mwendi akasonga ugali wa unga ule, watoto wakala mpaka wakasinzia. Baada ya hapo, nani angefungua kinywa kukataa?

Asubuhi Sengo alirudi kumchukua mtoto. Chiloba alikuwa amefunga shati lake la pili ndani ya kanga ya mama yake. Mwendi alikitazama kile kifurushi, roho ikamkataa.

"Shemeji, huyo tajiri anaitwa nani?"

"Bosi. Sote tunamwita Bosi."

"Na kijiji chake?"

"Nikikutajia utakijua?" Sengo alicheka. "Mama Chiloba, gari linangoja."

Mwendi akamgeukia mumewe. "Baba Chiloba, mtamba umemkagulia zizi. Mwana je?"

Ndahani aliinamisha kichwa. Aibu ilimjaa, aibu ya mwanamume ambaye jana wanawe wameshibishwa na mtu mwingine. Alipoinua uso alisema, "Shemeji, tunakwenda sote. Nitalala huko siku moja, nione mahali atakapolala mtoto, kisha nirudi."

"Haiwezekani. Gari limejaa."

"Nitasimama."

"Bosi hataki wazazi!"

Lo! Neno lilikwisha kumtoka. Sengo akaona limesikika, akamdaka Chiloba mkono. "Mmekula unga wangu," alisema, na sasa hakuwa akicheka. "Mtoto, twende!"

"Baba, niache niende," Chiloba alisema. "Wadogo zangu watakula."

Hakulia, na hilo ndilo lililommaliza Mwendi. Alimshika mwanawe mkono wa pili akakataa kuuachia. Wakawa wanamvuta huku na huku, mtoto katikati.

Ndahani akaondoka, akaenda zizini. Mwendi akadhani amewakimbia. Kumbe! Alirudi akimkokota mtamba, akamtia Sengo kamba mkononi.

"Unga wako umelipwa. Mwachie mwanangu."

Sengo akapigwa na butwaa. "Mtamba mzima kwa gunia la unga?"

"Mchukue. Huyu sikuulizi utamlaza wapi."

Sengo akamwachia mtoto.

Msidhani njaa iliisha siku ile. Walichimba mizizi, wakala mboga za porini, na wapo majirani waliomwita Ndahani mwendawazimu. Lakini ndani ya gari lile walikuwamo watoto wawili wa kijiji cha pili, waliotolewa kama alivyotaka kutolewa Chiloba. Mtendaji wa kijiji alipopata habari, gari lilikwisha tokomea. Wazazi wao walikwenda magharibi kuwatafuta, wakazunguka mashamba ya tumbaku wakiulizia nyumba ya mtu anayeitwa Bosi. Kila shamba lilikuwa na bosi wake.

Walirudi mikono mitupu, wakapita kwa Mwendi, wakaketi uani, naye akawasimulia alivyomuuliza mumewe siku ile. Mama mmoja kati yao akamtazama Chiloba akipasua kuni, akamtazama sana, kisha akaangua kilio akisema maneno ambayo hajaacha kuyasema mpaka leo: "Mtamba wamkagulia zizi, mwana je?"