Matanga Kiwandani

Hamchoki? Miguu inaniuma, maharage yako jikoni, nanyi "Bibi, tusimulie." Haya. Atakayesinzia namwagia maji.

Hapo zamani, si ile ya majini, ni hii ya juzi tu, Somoe alikuwa mbangua korosho kiwandani. Mimba yake ikaharibika, mtoto amekwisha kuanza kucheza tumboni. Akamzika, akaenda kwa msimamizi, Bwana Mkwanda, kuomba ruhusa ya msiba.

Bwana Mkwanda hata kitini hakuinuka. "Msiba wa nani? Huyo alikuwa na jina? Nani alimwona? Kabangue!"

Somoe akabangua. Mara maziwa yakamtoka, yakalowesha kanga. Maziwa, wajukuu zangu! Titi limejua mtoto alikuwepo, Mkwanda hajui! Somoe hakujifunika. Akasimama mbele ya wote: "Jamani, nimefiwa na mwanangu, nanyimwa hata kulia."

Binti Chande, nyapara wao, mwanamke mkavu, naye yalimkuta hayo ujanani, akanyamaza, akabangua. Siku hiyo akaleta jamvi, akalitandika katikati ya kiwanda. "Matanga yamewekwa. Kaa, mwanangu."

"Umejifukuza kazi!" akafoka Mkwanda.

"Nimejifukuza." Akakaa.

Wengine wakasita, wana watoto wa kulisha. Ndipo Esha, mpishi, akaupakua wali wa wakubwa kwenye sinia, akautua jamvini. "Matangani mwenye nyumba ndiye hulisha. Nyumba si yenu, Bwana? Basi mmeshalisha. Kuleni, kina mama!"

Wakakaa wote. Mashine kimya.

Mwenye kiwanda akaja mbio, akaelezwa, akaona kazi imelala, akaamua: "Anayeharibikiwa na mimba atakaa kwake alie, na mshahara wake haukatwi. Mkwanda, toka kitini. Wanawake wachague mwenzao akikalie, awe ndiye mtoa ruhusa."

Hapo ndipo ugomvi.

"Nisingesema mimi," akasema Somoe, "mngemlilia nani?"

"Ulisema, wakakukodolea macho," akasema Binti Chande. "Jamvi langu, na kazi niliitupa mimi."

"Mlikaa wawili kama paka walioloa!" akacheka Esha. "Waliobaki waliketishwa na wali wangu."

Mkwanda hakuulizwa. Alivuliwa viatu, akapiga magoti mbele ya Somoe. "Makiwa, mama."

"Tunayo."

Kisha akakibeba kile kiti begani mwenyewe, akasimama, anangoja kuambiwa akitue kwa nani. Msiharakishe, kiti ni cha mninga, na jasho linamtoka vizuri.

Je, nani alistahili kuletewa?