Njia ya Asali ya Raymundi

Wahenga waliponena kuwa mgeni aje ili mwenyeji apone, hawakusema kuwa mgonjwa ni mgeni. Anayepona ni mwenyeji. Ila maradhi ya mwenyeji yana hila: mwenyewe hayatambui mpaka tabibu awe amekwisha kuondoka.

Mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, uliishi kwa wageni tangu zama za misafara, wapagazi walipotua mizigo yao wakielekea Ujiji. Hapo ndipo Awadhi alipokuwa na duka la nguo alilorithi kwa baba yake. Chumba cha uani alimpangisha Raymundi, Mrundi aliyenunua asali na nta. Kila msimu, warina asali wa Kigwa walishuka kwenye treni na ndoo zao, wakamwuzia Raymundi, naye akausafirisha mzigo hadi Kigoma na kuuvusha ziwa mpaka kwa wanunuzi wa Bujumbura. Warina wakiisha kulipwa, waliingia dukani kwa Awadhi kununua kanga na mashuka, kisha wakala wali kwa Josepha, mama lishe wa jirani. Raymundi alikuwa Mkatoliki, lakini kila Ramadhani alipeleka asali ya futari, akaketi jamvi moja na Awadhi kama ndugu.

Hata hivyo, tamaa ni mchwa: hula nguzo kwa ndani, nje rangi ikabaki ile ile. Awadhi akaanza kuyatazama mapipa ya asali ya mgeni wake kwa jicho la mwenye mali.

Kisha zikatoka kanuni mpya za uhamiaji. Mgeni aliyetaka kuendelea na biashara ndogo alihitaji mwenyeji wa kumdhamini. Barazani watu waligawanyika. Wapo waliosema wageni wanawanyang'anya wazawa riziki, na wapo waliouliza ni nani hasa aliyenyang'anywa. Awadhi aliendelea kukunja kanga zake. Afisa alipofika dukani, Raymundi akiwa amesimama kando kwa matumaini, swali lilikuwa jepesi: je, mzee anamjua mtu huyu?

"Ni mpangaji tu," Awadhi alijibu. "Kwa undani simjui."

Raymundi aliinamisha kichwa. Wiki ile ile alipanda treni akaenda zake. Josepha, ambaye ulimi wake haukujua kupaka watu mafuta, alimwendea Awadhi.

"Mzee wangu, miaka yote hiyo ulikuwa unafuturu na nani? Jini?"

Msimu ulipowadia, Awadhi aliwapokea warina kwa bashasha, akaahidi kuwalipa akishauza. Maskini, aliyaona mapipa, hakuiona njia. Kule Bujumbura hakuna aliyemfahamu. Kila aliyepigiwa simu aliuliza Raymundi yuko wapi. Asali ikaganda, nta ikatafunwa na nondo. Masolwa, mrina wa Kigwa, alikuja kuchukua ndoo zake bila ugomvi.

"Mzee, sisi hatukuwa tunaleta asali mjini," alisema. "Tulikuwa tunamletea mtu."

Tangu siku hiyo warina wakawauzia walanguzi waliopita vijijini kwa bei ya kutupa, wala hawakuwa na haja ya kufika mjini. Duka likanyamaza kama msikiti baada ya Isha. Josepha alizima jiko, akarudi kwao Nzega kulima. Hata ushuru wa soko ukanywea, na waliodai riziki yao imerudishwa hawakuiona ilikorudi.

Awadhi akameza aibu yake, akampigia Raymundi simu. Alimwomba arudi, akaapa kumdhamini mbele ya yeyote. Sauti ya upande wa pili ilikuwa na heshima ile ile.

"Shikamoo, mzee. Niko Mpulungu, Zambia, kando ya ziwa lile lile. Asali nanunua ya huku huku, na wale wa Bujumbura wanaipokea. Nashukuru, nimeshatulia."

"Huko walikupa kibali bila taabu?"

"Walimwuliza mwenyeji wangu kama ananijua. Akasema ananijua."

Awadhi aliiweka simu chini. Kabla mwaka haujaisha alilifunga duka la baba yake, na Ramadhani iliyofuata ilimkuta akifuturu peke yake, jamvi likiwa pana kupita kiasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye amfungiaye mgeni mlango, hubaki ndani na ugonjwa wake.