Asiyerudi Amepona

Wapendwa, mwenye usingizi aguswe na jirani yake, maana mfano huu unatuhusu. Palikuwa na mama mmoja aliyeuza dawa sokoni. Alichemsha mwarobaini na msubili, akatia kwenye chupa, akawauzia wenye vidonda vya tumbo na wanaolalamikia ini. Hakuwa tapeli. Wapo waliopata nafuu, wakarudi kushukuru na kuku mkononi, naye alisimulia habari zao mpaka koo likamkauka.

Na wasiorudi je? Akiulizwa hivyo, alicheka. "Asiyerudi amepona. Mtu mwenye afya yake afuate nini kwangu?" Jibu tamu, sivyo? Hata wewe ungenunua chupa.

Basi siku moja tumbo likamshika mwenyewe. Alikunywa dawa yake, akaongeza, akazidisha, wapi. Hospitali ya jirani hakuthubutu kwenda, soko zima lingejua. Akapanda gari mpaka mji wa mbali, akajitanda khanga mpaka puani, akaingia kliniki ya tumbo.

Kwenye benchi waliketi nani? Wateja wake. Wale wale aliosema wamepona. Mama mmoja aliyekonda, macho ya njano, akasogea kumpisha.

"Karibu, keti. Umeleta mgonjwa?"

"Ndiyo," akadanganya. "Nimemsindikiza mtu."

Hapo hapo muuguzi akatokea mlangoni, akaliita jina lake kwa sauti. Akajifanya hakusikia. Muuguzi akaita tena. Ikabidi anyooshe mkono, na khanga ikateleza ikaanguka mabegani. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Kumbe ni wewe, mama," yule mwenye macho ya njano akasema.

"Mbona hukurudi kuniambia?"

"Ningerudije? Kila mtu anakusifu. Nilidhani ni mimi tu dawa imenikataa. Nikaendelea kunywa kwa siri, nikiomba inikubali. Sasa daktari ananiambia nimechelewa."

Mwarobaini haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la muuza dawa, kwamba hakuwahi hata mara moja kubisha hodi kwa asiyerudi, akaridhika na kuku wa waliorudi.

Sasa tuje kwetu sisi. Kila Jumapili tunawasimamisha wenye ushuhuda, tunapiga makofi, tunasema neno linafanya kazi. Na yule aliyekuwa akikaa pale dirishani, yuko wapi? Tumesema amebarikiwa, amepata kazi, amehamia kanisa la mjini. Nani kati yetu alikwenda kumuuliza? Naona mnatazama chini. Tazameni tu, aibu hiyo ni yetu sote.

Hajahama, jamani. Yuko nyumbani kwake. Shuhuda zetu zote alizisikia, na anadhani ni yeye tu Mungu amemkataa. Leo tusiende kula kabla ya kupita kwake.