Digidigi na Vigae vya Mganga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala na njaa. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na shimo, na shimoni pakawa na mganga, na mganga akawa na kapu. Kaeni vizuri. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana ngano hii haina harusi mwishoni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatibiana, aliishi mganga mmoja jina lake Nungunungu. Alijua mizizi ya homa, ya tumbo na ya uzazi. Shimo alilokaa hakulichimba yeye. Lilichimbwa na Mhanga. Mhanga alitoka kidogo tu kwenda kula mchwa, aliporudi akakuta mwenzake amekwisha kutandika.

Kwa Nungunungu kila mgonjwa alikuwa na kigae chake. Mgonjwa akija, mganga alifinyanga udongo mbichi ukawa bapa, mgonjwa akaukanyaga, alama ya mguu wake ikabaki. Chini ya alama ile mganga akachora kwa mwiba wake mahali panapouma: jino, goti, sikio. Kigae kikikauka kiliingia kapuni, na kapu lilikaa ndani kabisa ya shimo.

Siku moja akaja Digidigi. Alikuwa mjane, mwenye mtoto mmoja tu, binti yake Chiku. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa. Alikuwa hajamwambia yeyote, hata Chiku mwenyewe, kwa sababu porini mwenye jicho moja ni kitoweo kinachosubiri siku yake. Alisimama mlangoni, akageuka kurudi, akasimama tena.

Nungunungu akamwambia, "Mficha maradhi kilio humfichua, Mama Chiku. Nionyeshe. Neno lako likiingia kapuni mwangu halitoki."

Basi akamwonyesha. Akakanyaga udongo, na chini ya alama ya kwato lake likachorwa jicho, la kushoto, limepigwa mstari.

Dawa haikulifufua jicho, ila maumivu yalipoa. Digidigi akaendelea kuishi kwa akili yake. Kila alipokwenda malishoni alihakikisha kichaka cha miiba kiko kushoto kwake, na Chiku yuko kulia, mbele ya jicho zima. Miiba ile ilikuwa mikali, na hakuna chui wa kujichoma bure. Wakaishi hivyo, wakala, wakalala.

Ikaja masika. Mvua ikanyesha hata shimo la mganga likatoa maji ukutani, na vigae vikaanza kulainika. Jua lilipotoka Nungunungu akalibeba kapu, akavianika vigae vyote juu ya kichuguu.

Siku ya kwanza alikaa kando yake akavilinda. Siku ya pili alikaa kando yake akasinzia. Siku ya tatu akajiambia, nani wa kusoma udongo? Akaenda kuchimba mizizi.

Kunguru akatua. Akaruka kutoka kigae hadi kigae, akatazama mguu, akatazama mchoro, akatazama mguu, akatazama mchoro. Hakuchukua hata kimoja. Alichotaka kilikuwa kimeshaingia kichwani. Akaruka moja kwa moja hadi kwa Chui, akamsimulia yote, na Chui akamlipa utumbo.

Siku tatu baadaye Digidigi alikuwa malishoni, kichaka kushoto, mtoto kulia. Alisikia kijiti kikivunjika. Mwenye macho mawili angeona. Yeye alilazimika kugeuza kichwa chote, na alipokigeuza Chui alikuwa amekwisha kutoka miibani, amempita mgongoni, amemchukua Chiku. Mtoto aliita mara moja tu.

Sitawaelezea kilio cha mama yule. Aliyefiwa anakijua, na ambaye hajafiwa asiharakishe.

Machozi yalipokauka, Digidigi akajiuliza: Chui alijuaje kwamba inafaa kujichoma miiba? Waliojua habari ya jicho ni wawili tu, yeye na mganga. Akaenda kwa Mhanga, kwa kuwa Mhanga aliifahamu sheria kama anavyofahamu mchwa. Tangu ujana wake alikuwa akinyang'anywa mashimo, leo na Ngiri, kesho na Nungunungu, na kwa kila shimo alikwenda kushitaki. Alishinda mara chache, lakini alijifunza mengi.

"Njia ziko tatu, Mama Chiku," alisema Mhanga, "wala hakuna inayomrudisha mtoto. Ya kwanza, nenda kwa mganga mwenyewe. Ni haki yako akuambie nini kimetoka, lini, na kimemfikia nani. Ila akikupa kitu akataka ukanyage kigae cha kuridhika, usikanyage. Ukikanyaga, madai yako yamekwisha. Ya pili, baraza la waganga. Hao wanaweza kumvua mkoba wake wa uganga. Ya tatu, Bi Kiboko, hakimu wetu wa dimbwini. Huko utashitaki ulipwe kwa kuumizwa kwako, ila uthibitishe. Na usichelewe. Mwezi wa tatu tangu kuumizwa ukiandama, Bi Kiboko hapokei tena."

Digidigi akaenda njia ya kwanza. Nungunungu alisema hajui lolote. Akaulizwa tena, akasema labda. Akaulizwa mara ya tatu, akainamisha kichwa, akakiri kwamba alivianika vigae nje na hakuvilinda. Kisha akafunga furushi la dawa ya macho, la kumtosha mama yule maisha yake yote, akaweka udongo mbichi mbele yake. Akanyage tu, yaishe, wabaki majirani.

Digidigi alikuwa amechoka. Jicho lilimuuma kwa kulia. Kwato lake lilikuwa juu ya udongo ule, limebakiza unywele tu ligusane nao. Akamkumbuka Chiku akiita. Akaurudisha mguu, akatoka bila furushi.

Akaenda njia ya pili. Wazee wa waganga walimpokea vizuri, wakampa pole, wakasema watalitazama. Mpaka leo wanalitazama.

Ikabaki njia ya tatu. Mhanga akamwonya kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, awatafute wagonjwa wengine waliokuwa na vigae pale kichuguuni. Lakini kila atakayesimama mbele ya Bi Kiboko atalazimika kuutaja ugonjwa wake hadharani. Siri iliyotoka kwa kunong'onwa, ukitaka haki yake, unaisema kwa sauti.

Digidigi akaenda kwa Ngiri. Ngiri akasema, "Ugonjwa upi? Mimi sijawahi kuumwa."

Akaenda kwa Kanga. Kanga akasema, "Ugonjwa upi? Mimi sijawahi kuumwa."

Akaenda kwa Pundamilia, akarudia swali mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza Pundamilia hakusikia. Naye akasema, "Ugonjwa upi? Mimi sijawahi kuumwa."

Basi akaenda peke yake.

Siku ya baraza wanyama walijaa ukingoni. Ngiri alikuwepo, na Kanga, na Pundamilia, wamekuja kutazama ya mwenzao. Ng'ambo ya dimbwi Chui alijilaza, hana haraka. Bi Kiboko alikuwa majini, macho na pua tu juu. Hivyo ndivyo alivyosikiliza kesi, na akitaka kufikiri alizama.

Digidigi akasimama. Alimwona Chui kwa jicho lake zima, akajua kila neno atakalosema litavuka maji.

"Jicho langu la kushoto halioni," alisema. "Nilimwambia mganga peke yake. Alichora akaanika. Chui akaja kwa upande usioona, akamchukua mwanangu."

Bi Kiboko akamwambia Nungunungu ajibu.

Nungunungu hakuonekana kuwa na wasiwasi. Akasema yeye hakumwona yeyote akivisogelea vigae, na kwamba kesi yenyewe haina kichwa. Nani ameibiwa? Kigae gani kimepotea? Na ili baraza lione kwamba vyote vipo, akalishika kapu lake, akalimimina pale pale mchangani, mbele ya wote.

Vigae vikatawanyika, picha juu.

Wanyama wakainama kutazama. Kila mguu unajulikana na mwenyewe na jirani zake. Wakauona mguu wa Ngiri, na chini yake pembe za mdomoni zilizooza mizizini. Wakauona wa Kanga, na chini yake mayai matupu. Wakauona wa Pundamilia, na chini yake masikio yaliyokufa. Tumbili akaanza kucheka. Ngiri akaondoka bila kuaga, na mchumba wake akabaki pale akikitazama kigae. Ng'ambo ya maji Chui aliinua kichwa, akatazama vizuri.

Bi Kiboko akapanda hadi mabegani.

"Mganga," alisema, "hiki cheupe kwenye vigae ni nini?"

Palikuwa na kinyesi cha kunguru. Kilikaukia juu ya kigae cha goti la Nyumbu, na juu ya kigae cha jino, na kingi zaidi juu ya kigae cha jicho lililopigwa mstari, kwa maana hapo ndege alisimama muda mrefu. Mhanga akashuhudia kwamba kile kichuguu ni chake cha kulia mchwa, na siku vigae vilipoanikwa alimfukuza Kunguru pale, asijue kilichomleta.

Bi Kiboko akazama. Akakaa chini muda mrefu, povu likapanda. Alipoibuka akasema Chui kula ni kawaida yake, na Kunguru yuko angani, hakuna mkono unaomfikia. Lakini mganga alipewa amana. Kigae kilichoonwa kimeibiwa, hata kama kingalipo kapuni. Kwa kuwa wazee wa waganga bado wanalitazama, avuliwe mkoba wake leo, vigae vyote vitupwe majini viyeyuke, na kwa kuwa Digidigi hana tena ukuta wa kushoto, Nungunungu awe ukuta huo. Atembee kushoto kwake na miiba yake hadi mmoja wao afe.

Ndivyo ilivyokuwa. Digidigi alishinda, na hakuna aliyepiga vigelegele. Walitembea pamoja, mganga kushoto, na kulia hakuna mtu. Kila wakifika kwenye kile kichaka mama alisimama kidogo. Nungunungu naye alisimama, akatazama chini. Siku moja alisema, "Nisamehe, Mama Chiku." Digidigi alisikia, akaendelea kula majani.

Kanga aliugua tena masika iliyofuata. Hakumwambia mtu. Walimkuta nyasini, amekwisha kuwa baridi. Baada yake akafuata Nyumbu wa goti, naye kimya kimya. Na ndiyo maana mpaka leo mnyama akiugua haendi kwa mwenzake. Hujikaza, hucheza na kundi, kisha huingia kichakani peke yake. Wenzake hujua siku wanapowaona kunguru wakizunguka juu.

Mafunzo yake, wanangu, ni haya. Siri ya mgonjwa ni uhai wake, na anayeianika juani amemwanika mgonjwa mwenyewe. Nawe uliyeumizwa, nenda udai mapema, na jirani yako akija kukuita msimame pamoja, usimwambie hujawahi kuumwa. Kapu likimwagwa halichagui aliyenyamaza.

Ngano yangu nimeiacha ukingoni mwa dimbwi. Aliyeipenda aichukue, aliyeiona chungu aniachie mimi.