Nyati Aliyekula Maua Yaliyonyauka

Ngano yangu inabisha hodi!
— Karibu, ipite!
Ina miguu, haina viatu!
— Na iingie hivyo hivyo!

Basi. Huko mlimani, kwenye baridi na ukungu, aliishi Bi Kindi, mjane mwenye binti mmoja, Sikudhani. Sikudhani alikuwa ameposwa, na wakwe wangekuja kumchukua vuli ikiisha. Tatizo lilikuwa uwanja. Uwanja wa Bi Kindi ulikuwa mawe na vumbi, na shangazi wa bwana harusi alikwisha sema, tena kwa sauti, kwamba binti wa uwanja kama ule huenda hajui hata kushika ufagio. Neno lile lilimchoma Bi Kindi. Akaapa kwamba siku ya harusi shangazi atakosa pa kukanyaga kwa maua.

Akatafuta mbegu za pansi. Mnayajua pansi? Ni maua mafupi, laini, na kila ua lina sura katikati, sura ya mtu aliyepewa habari akakataa kuiamini. Mbegu zake ni ndogo kama ulezi, lakini zina maringo. Zinataka ubaridi, zinataka na giza. Zikipigwa jua kabla ya kuota, zinasusa. Bi Kindi akazisia kitaluni, akazifunika kwa udongo kidogo, akanyunyiza maji. Lakini mwaka ule jua lilikuwa kali hata mlimani. Akautandaza mkia wake juu ya kitalu, nao haukufika hata robo.

Ndipo akaja Nyati. Pu! Pu! Pu! Nyati huyu alikwisha kula mchicha wa Sungura na maboga ya Nungunungu, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu ya zile pembe.

"Umepanda nini?"

"Maua, baba."

"Yanaliwa?"

Bi Kindi akapima. Akisema hayaliwi, Nyati atayakanyaga. Akisema yanaliwa, atayala. Akajibu kwamba yanaliwa, ila bado hayajaota, na kwamba Tembo naye alishayaulizia. Tembo wa watu hakuwa ameulizia kitu.

Nyati akakoroma, mfu! mfu! Akasema hakuna wa kuonja kabla yake, na kwamba atalinda mwenyewe. Basi Nyati akasimama. Kivuli kikaanguka kitaluni. Bi Kindi akanyunyiza maji.

Jua lilipohama, Bi Kindi akanong'ona kwamba Tembo huenda akapitia upande wa pili. Nyati akahama. Kivuli kikahama. Bi Kindi akanyunyiza maji. Na kwa kuwa mlinzi wa mchana kutwa ana haja zake, pwata! pwata! samadi ikarundikana kando, na Bi Kindi akaianika vizuri ikauke.

Mbegu zikaota. Bi Kindi akaihamishia miche uwanjani, akamsihi Nyati akapumzike kwenye tope lake, ataitwa maua yakiiva. Miche ikala samadi, ikanenepa, ikachanua: zambarau, manjano, meupe, yote yamekodoa macho. Hakumwita. Nyati akaja mwenyewe, ulimi nje.

Bi Kindi aliogopa sana, maana ulimi ule haukujua kuchagua. Ungebeba ua na jani na mzizi wake, na uwanja ungerudi kuwa vumbi. Lakini alikuwa amejiandaa. Ua bichi alilipaka shubiri. Ua lililonyauka alilipaka asali.

"Mbona hukuniita?"

"Hayajaiva, baba. Onja hili uone."

Nyati akatafuna lile bichi. Uso ukamkunjamana. Thu! thu! thu!

"Sasa onja hili lililosinyaa."

Nyati akatafuna, akafumba macho.

"Embe huli likiwa gumu, unangoja lilainike," Bi Kindi akamwambia. "Haya nayo hungoja yanyauke. Lakini uchume kwa ncha ya mdomo, moja moja. Ukiutikisa mche, utamu wote unakimbilia ardhini."

Basi Nyati, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuchagua, akajifunza kuchagua. Lililonyauka moja, kwichi. Lililonyauka jingine, kwichi. Mengi hayakuwa na ladha yoyote, ila hapa na pale Bi Kindi alitia asali, na Nyati akawa anajiambia kwamba labda lijalo.

Na pansi tabia yake ni hii: ukiliacha ua lizeeke lifunge mbegu, mche unaona kazi imekwisha, unalala. Ukilichuma mapema, mche unatoa mengine. Nyati akachuma. Mche ukatoa. Bi Kindi akanyunyiza maji.

Wakwe wakaja. Shangazi akasimama njiani, mguu mmoja hewani, anatafuta pa kuuweka. Kisha akamwona Nyati, pembe chini, akichuma taratibu.

"Mtunza bustani huyu mmempata wapi?" akanong'ona. "Mnamlisha nini?"

"Anajilisha," Bi Kindi akajibu.

Nyati hakuinua hata kichwa. "Hebu nyamazeni," akasema. "Lenye asali liko karibu, nalisikia."

Kibuyu cha asali kilikuwa kimekauka tangu juzi.

Shangazi akainamisha macho, akaomba mbegu. Bi Kindi alikuwa nazo: kuna miche aliyoificha nyuma ya jabali, pembe zisipopita, ikafunga mbegu kwa nafasi. Akamfungia Sikudhani mbegu kwenye jani, aende nazo ukweni, akamkumbatia, akalia kwa furaha mbele ya wakwe wote.

Sasa, wanangu, fundisho. Msiwadanganye wakubwa. Bi Kindi alidanganya, na adhabu yake mmeiona: mpaka leo maua yamejaa hadi kizingitini, maskini, kila akitoka nyumbani inambidi aruke.

Ngano yangu imeshiba, inaaga!
— Nayo iruke, isikanyage maua!