Mjomba Ngiri na Maji ya Jina

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo sauti ya walioshiba au ya wenye njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale alikuwako Ngiri, fundi wa mbio. Mkia juu, pu-pu-pu-pu, vumbi nyuma. Dada yake akajifungua mtoto wa kiume. Na mila yao ilikuwa hii: siku ya saba mjomba huleta maji ya chemchemi, humnyunyizia mtoto, humpa jina. Sharti jua liwe halijazama. Likizama, jina hutolewa na upande wa baba, na mjomba hana neno tena.

Chemchemi ilikuwa mbali. Vilima kumi na viwili kwenda, kumi na viwili kurudi.

Siku ya saba, asubuhi, dada akamwambia, "Kaka yangu, ondoka mapema."

Ngiri akacheka. "Mapema ya nini? Nikienda mtupu napita vilima sita kwa saa. Nikirudi na kibuyu, viwili. Sita na viwili, katikati yake ni vinne. Vilima vyote ishirini na vinne, vinne kwa saa, ni saa sita basi! Nikitoka adhuhuri, jua likiwa ukingoni nabisha hodi."

"Kaka, kibuyu kizito."

"Nimeshakipigia hesabu hicho kibuyu."

Akajilaza matopeni. Gala, gala. Jamani, mjomba wa mtoto huyo!

Adhuhuri akatoka. Pu-pu-pu-pu! Saa mbili tu, yuko chemchemini. Akajaza kibuyu, akajitwika. Kurudi sasa! Akapanda, akahema. Akapanda, akahema. Alipofika kilima cha nane, jua likazama. Mbele, vilima vinne bado.

Hapo ndipo akili ikamjia. "Ole wangu! Mbio zilikuwa za saa mbili. Huku kujikokota ni kwa saa sita. Jumla nane! Vilima ishirini na vinne kwa saa nane ni vitatu kwa saa, si vinne!" Aibu ikampanda, masikio yakawaka moto. Alitamani kumwaga maji atoroke. Hakuthubutu.

Akafika gizani. Hakuna vigelegele. Shangazi wa mtoto alikwisha kumnyunyizia maji ya dimbwini.

"Mmempa jina gani?" Ngiri akauliza.

"Sinamjomba," Shangazi akajibu.

Dada yake alilia kimya. Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Ngiri akapiga magoti.

"Inuka, kaka."

"Nitainukaje, na mtoto ataitwa hivyo mpaka uzee wake?"

Hata leo mtazameni ngiri akila, yuko magotini.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Mwendo wa safari si katikati ya mbio na kujikokota. Chukua njia yote, igawe kwa saa zote, kwani kipande cha taratibu ndicho kinachokula siku. Na ukijua unangojwa, toka mapema.

Hadithi yangu imeishia hapo, magotini pa Mjomba.